Lori Moja, Takwimu Mbili

Ukitaka kujua kama nchi mbili jirani zinashirikiana kweli kiuchumi, weka kando hotuba za viongozi na ufungue majedwali ya biashara. Chukua bidhaa moja isiyo na utata, tuseme saruji, yenye namba 252329 katika mfumo wa kuainisha bidhaa ambao forodha za karibu dunia nzima zimekuwa zikiutumia tangu 1988. Upande mmoja weka kile ambacho nchi ya kwanza inasema ilimuuzia jirani yake mwaka fulani. Upande wa pili weka kile ambacho jirani anasema alinunua kutoka nchi hiyo hiyo, mwaka huo huo. Namba hizo zilipaswa kukaribiana. Mimi hufanya ulinganisho huu mara kwa mara, na nimezoea kukuta pengo lisiloweza kusingiziwa uchapaji. Kuna nyakati upande mmoja una mamilioni ya dola na upande wa pili una sifuri.

Baadhi ya sababu ni halali kabisa. Muuzaji huandika thamani ya mzigo ukiwa bado kwake, kabla ya nauli na bima. Mnunuzi huandika thamani ya mzigo ule ule baada ya nauli na bima kuongezwa, na kwa nchi isiyo na bahari nyongeza hiyo si ndogo. Mzigo uliopakiwa Desemba ukafika Januari unaingia katika miaka miwili tofauti. Mzigo unaopitia bandari ya nchi ya tatu unaweza kuandikwa na muuzaji kwamba umeuzwa kwa nchi yenye bandari, huku mnunuzi wa mwisho akiuandika kwa nchi ulikotengenezwa. Watu wawili wenye nia njema wakikaa meza moja na hati zao, tofauti za namna hii wanazimaliza.

Sababu nyingine hazina uhalali huo. Lori limepita njia ya panya. Thamani imeandikwa pungufu ili ushuru upungue. Afisa amechagua namba ya bidhaa iliyo karibu tu kwa sababu foleni ni ndefu na kompyuta ni nzito. Kumbukumbu za kituo kimoja cha mpakani hazikufika makao makuu hadi jedwali la mwaka likafungwa, na hakuna aliyeuliza.

Lipo jambo moja kwenye majedwali hayo ambalo nadhani hatulipi uzito wake: nusu ya kumbukumbu za uchumi wetu iko mikononi mwa jirani. Hakuna mshauri kutoka mbali, hata awe na shahada ngapi, anayeweza kutupa nusu hiyo. Ni jirani peke yake anayejua kilichoingia kwake kutoka kwetu, watu wangapi walivuka kwenda kufanya kazi upande wake, na fedha kiasi gani zilirudi. Ndiyo maana ushirikiano wa takwimu kati ya nchi zinazoendelea, hasa zinazopakana, nauona kama msingi wa ushirikiano wote wa kiuchumi unaojengwa juu yake.

Mazoea yetu ni kinyume. Wakuu wa nchi hukutana, itifaki hutiwa saini, bendera hupeperushwa, kisha mtu fulani ndani ya sekretarieti huagizwa kuwianisha takwimu kwa bajeti isiyotosha hata semina moja ya maana. Takwimu zinakuja mwisho, wakati mikataba yenyewe imeandikwa kwa kuzitegemea.

Kusini mwa Afrika kuna mfano ulio wazi kuliko yote ninayoifahamu. Umoja wa Forodha wa Kusini mwa Afrika, SACU, ulianza 1910 na ndio mkongwe kuliko yote iliyopo duniani. Wanachama ni Afrika Kusini, Botswana, Eswatini, Lesotho na Namibia. Ushuru unaokusanywa huingia kwenye kapu moja, na mkataba wa 2002 ndio unaoeleza kapu hilo linagawanywaje. Fungu la ushuru wa forodha hugawanywa kwa kuangalia kila nchi ilinunua bidhaa kiasi gani kutoka kwa wanachama wenzake. Fungu la ushuru wa bidhaa zinazozalishwa ndani, kama vile sigara na vileo, hufuata ukubwa wa Pato la Taifa la kila nchi. Kutoka fungu hilo la pili, sehemu iliyoanza kwa asilimia 15 ilitengwa kwa ajili ya maendeleo, na hapo nchi yenye pato dogo kwa kila mtu ndiyo hupata zaidi.

Vigezo hivyo vyote vinatoka kwa watu wa takwimu: manunuzi kutoka kwa wanachama, Pato la Taifa, na idadi ya watu ya kugawia pato hilo. Kwa Lesotho na Eswatini, mgawo wa SACU ni sehemu kubwa sana ya mapato ya serikali. Kwa hiyo karani anayejaza tamko la mzigo unaovuka kwenda Maseru, mji mkuu wa Lesotho, anaandika pia, bila kuonekana, mstari mmoja wa bajeti ya elimu na afya. Na kwa kuwa kapu ni moja, nchi ikikuza takwimu zake za manunuzi, fungu la wenzake linapungua. Katika mpangilio huo kila mwanachama ana haki, na hata wajibu, wa kuuliza jirani amehesabuje. Natamani swali hilo liwe la kawaida katika kila jumuiya ya kiuchumi, liulizwe bila mtu kuona ameingiliwa mambo yake ya ndani.

Maana bila swali hilo, hata vigezo vilivyoandikwa kwa umakini hubaki vinaelea. Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki, iliyotiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, inazitaka nchi wanachama ziwe na mfumuko wa bei usiozidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isiyozidi asilimia 3 ya Pato la Taifa pamoja na misaada, deni la umma lisilozidi asilimia 50 ya Pato la Taifa kwa thamani ya sasa, na akiba ya fedha za kigeni ya kutosha kuagiza bidhaa kwa miezi 4.5. Vigezo viwili kati ya hivyo vina Pato la Taifa chini ya mstari wa kugawia. Sasa angalia jinsi Pato la Taifa linavyoweza kubadilika. Ghana ilipobadili mwaka wa kizio, yaani mwaka unaotumika kama msingi wa kukokotoa Pato la Taifa, mnamo Novemba 2010, uchumi wake ulionekana mkubwa kwa zaidi ya asilimia 60. Kenya ilifanya hivyo Septemba 2014 na uchumi ukapanda kwa asilimia 25. Nigeria, iliyokuwa ingali ikitumia mwaka wa kizio wa 1990, ilihamia 2010, na mwezi Aprili 2014 ikatangaza ongezeko la asilimia 89. Ikaipita Afrika Kusini na kuwa uchumi mkubwa kuliko wote barani, kwa sababu hatimaye simu za mkononi, filamu na biashara nyingine zilizokuwa zimekua kwa miaka mingi zilihesabiwa ipasavyo.

Sisemi kwamba mabadiliko hayo yalikuwa ya hila. Yalikuwa ya lazima na yalichelewa. Ninachosema ni kwamba uwiano wa deni hushuka siku hiyo hiyo bila senti moja kulipwa. Ikiwa nchi moja ndani ya umoja wa fedha imebadili mwaka wa kizio juzi na jirani yake hajaugusa kwa miaka 15, kigezo cha asilimia 50 kinazipima nchi hizo kwa rula mbili. Yule aliyezembea anaonekana mwenye madeni mengi kuliko alivyo. Wanachama wangekubaliana ratiba moja ya kubadili mwaka wa kizio, tuseme kila baada ya miaka mitano na wote kwa pamoja, jambo hili lingekwisha. Ni kazi ya kitaalamu tu, haihitaji mkutano wa wakuu wa nchi.

Ajira ni eneo gumu zaidi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu naona watu wakipotoshwa kila mwaka. Mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa takwimu za kazi ulibadili maana ya mtu mwenye ajira. Tangu hapo, mkulima anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha kaya yake anahesabiwa kuwa anafanya kazi, lakini hahesabiwi kuwa ana ajira. Ajira ni kazi ya malipo au faida. Kama mkulima huyo anatafuta kazi ya malipo na yuko tayari kuianza, anaingia kwenye kundi la wasio na ajira. Rwanda ilianza kutumia kipimo hicho katika utafiti wake wa nguvukazi wa 2016, na kiwango cha ukosefu wa ajira kikaruka kutoka tarakimu moja hadi zaidi ya asilimia 15. Hakuna kiwanda kilichofungwa. Rwanda ilikuwa imefanya jambo la kistaarabu, la kupima kwa kipimo kipya na kulikubali jibu.

Lakini weka takwimu hiyo kwenye jedwali moja na nchi jirani inayotumia maana ya zamani. Msomaji ataona nchi yenye shida kubwa ya ajira kando ya nchi yenye nafuu, na mwanasiasa wa nchi ya pili atalisoma jedwali hilo bungeni kwa fahari. Adhabu inamwendea aliyekuwa mkweli. Ndiyo maana hatua kama hii inapaswa kuchukuliwa na majirani kwa pamoja, mwaka mmoja, dodoso moja, ili asiwepo wa kubeba lawama peke yake. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki linalowaruhusu watu kuvuka mpaka kutafuta kazi litapangwaje, kama hatujui ukosefu wa ajira wa upande huu ukilinganishwa na wa upande ule?

Sitaki nieleweke kwamba hali yote ni giza. Ushirikiano wa takwimu kati ya nchi zinazoendelea umewahi kuzaa mambo makubwa, na baadhi ya watu wanaoyatumia kila siku hawajui yalikotoka. ASYCUDA, programu ya forodha inayotumika leo katika nchi na maeneo zaidi ya 100, ilianza na ombi la Afrika Magharibi. Mwaka 1981 sekretarieti ya jumuiya ya ECOWAS ililiomba shirika la biashara na maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNCTAD, liisaidie kukusanya takwimu za biashara ya nje za wanachama wake. Waliokwenda kufanya kazi hiyo walikuta kwamba takwimu haziwezi kutengemaa kama tamko la forodha lenyewe halijapangwa vizuri, basi wakaanzia kwenye tamko. Kilichoombwa kilikuwa jedwali. Kilichopatikana ni mfumo mzima wa forodha ambao umeongeza mapato ya serikali nyingi na kupunguza siku za malori kukaa mpakani. Jumuiya ya nchi maskini iliuliza swali la takwimu na dunia ikanufaika. Habari hii ningependa ifundishwe katika kila chuo cha forodha barani.

Nchi za ukanda wa faranga, ambazo nyingi hutumia faranga ya CFA, zilienda mbali zaidi kwa upande wa taasisi. Mwaka 1993 nchi 14 zilitia saini mkataba mjini Abidjan wa kuunda AFRISTAT, ofisi ya pamoja ya takwimu yenye makao Bamako, iliyoanza kazi 1996. Kilichonivutia siku zote ni jinsi walivyoigharamia. Waliunda mfuko wa miaka 10, kuanzia 1996 hadi 2005, uliochangiwa na nchi wanachama zenyewe pamoja na Ufaransa, ili wataalamu wasiwe watu wa kuandika maombi ya fedha kila baada ya miezi michache. Ndani ya muda huo wakatunga uainishaji mmoja wa shughuli za kiuchumi na wa bidhaa kwa wanachama wote. Umoja wa kiuchumi na kifedha wa Afrika Magharibi nao ukapata fahirisi ya bei za mlaji iliyowianishwa, inayotolewa tangu 1998. Mwanzoni ilipima bei za jiji kuu la kila nchi tu, na mapungufu ya hilo yanajulikana. Hata hivyo, benki kuu yao ya pamoja ilianza kuona mfumuko wa bei wa nchi zote kwa kipimo kimoja, jambo ambalo jumuiya nyingi hadi leo hazina.

Shule pia zilisaidia sana. Taasisi ya takwimu na uchumi ya Makerere ilianzishwa 1969 kwa ajili ya nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza, si Uganda peke yake. Watu waliosoma darasa moja wanapigiana simu. Mtakwimu akikuta pengo kwenye jedwali, simu moja kwa mtu anayemfahamu humaliza kazi ambayo barua rasmi ingeichukua miezi, na nimeona hilo likitokea.

Na vifaa vinaazimika. Kwa sensa yake ya 2010, Cabo Verde ilikusanya takwimu kwa vifaa vya kidijitali vya mkononi kwa msaada wa taasisi ya takwimu ya Brazil, ambayo ilikuwa imekwisha kuvitumia nyumbani. Senegal nayo ikashirikiana na Brazil kwa sensa yake ya 2013. Sensa huja mara moja kila miaka 10. Kununua maelfu ya vishikwambi, kuvitumia kwa wiki chache, kisha kuviweka stoo hadi betri ziharibike ni hasara ambayo nchi zilizopangana vizuri haziwezi kuipata: hii ingehesabu mwaka huu, ile mwaka kesho, na vifaa vingesafiri.

Lipo eneo moja ambalo nadhani majirani wamechelewa kulifanyia kazi pamoja, nalo ni biashara ndogo ya mipakani. Tunaambiwa mara kwa mara kwamba biashara kati ya nchi za Afrika ni kama asilimia 15 tu ya biashara yote ya bara. Namba hiyo inatokana na hati za forodha. Mama anayevuka na bidhaa begani asubuhi na kurudi jioni hana hati. Ofisi ya takwimu ya Uganda na Benki Kuu ya Uganda wamekuwa wakifanya utafiti wa biashara hiyo tangu 2005: wadadisi husimama kwenye vituo vya mpakani na kuandika kinachopita kwa baiskeli, kwa mkokoteni, kichwani, kwa makadirio ya uzito na thamani. Ni kazi ya jua na vumbi, inayohitaji uvumilivu na heshima kwa wanaohesabiwa, kwani mtu akidhani wewe ni mtoza ushuru atapita kwingine. Rwanda pia imekuwa ikifanya utafiti wa namna hii. Wadadisi wa nchi mbili wangesimama pande mbili za mpaka mmoja, wiki zile zile, kwa dodoso lile lile, tungepata takwimu zinazothibitishana. Wanawake wengi wanaoishi kwa biashara hiyo wangeonekana katika mazungumzo ya Eneo Huru la Biashara la Afrika, lililoanza kufanya biashara rasmi Januari 2021 huku sehemu yao ya uchumi ikikadiriwa kwa kubahatisha.

Kuna jambo lingine linaloongeza uharaka. Kadiri mipaka inavyolegezwa, ndivyo hati za mpakani zinavyopungua. Tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ianze Himaya Moja ya Forodha mwaka 2014, mizigo inaweza kukamilishiwa taratibu bandarini badala ya kila mpaka. Ni nafuu kubwa kwa mfanyabiashara, na ni jambo jema. Ila takwimu zilizokuwa zikitoka kwenye hati za mpakani sasa zinategemea jirani akutumie kumbukumbu zake. Ulaya ilikutana na hali hii ilipoondoa forodha za ndani mwaka 1993, na siku hiyo hiyo ilikuwa na mfumo mwingine tayari wa makampuni kuripoti biashara zao. Sisi tunalegeza kwanza.

Haya yote yanadai kitu ambacho serikali hazikitoi kwa urahisi, nacho ni kuruhusu ofisi ya takwimu itoe namba isiyopendeza. Argentina iliingilia taasisi yake ya takwimu mwaka 2007, mfumuko wa bei uliotangazwa ukaachana na bei za madukani, na mwaka 2013 Shirika la Fedha la Kimataifa likaipa karipio rasmi lililodumu hadi 2016. Tanzania mwaka 2018 ilibadili sheria yake ya takwimu na kufanya kosa la jinai kuchapisha takwimu zinazopingana na zile rasmi. Mwaka 2019 kifungu hicho kililegezwa na adhabu hiyo ikaondolewa. Natoa mifano hii kwa sababu katika yote miwili sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya mashirika makubwa ya Washington. Majirani walikaa kimya. Umoja wa Afrika una Mkataba wa Afrika wa Takwimu, uliopitishwa Addis Ababa 2009 na kuanza kutumika 2015, unaotamka uhuru wa kitaalamu wa watakwimu. Mkuu wa ofisi ya takwimu anayebanwa na waziri wake angepata nguvu kubwa kama wenzake wa nchi tano jirani wangeandika barua ya pamoja kumkumbusha waziri huyo kwamba nchi yake iliridhia. Utaratibu wa ofisi za takwimu za Afrika kukaguana zenyewe kwa zenyewe ulikwisha kujaribiwa kwa msaada wa PARIS21, ubia wa kimataifa wa kukuza takwimu za maendeleo, na watakwimu walikaguliwa na watakwimu. Ungepaswa kuwa wa lazima na wa mara kwa mara, na ripoti zake ziwe wazi kwa kila raia.

Na ulipiwe na sisi. Mapema mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, mpango wa utafiti wa demografia na afya ulisimama. Mpango huo ulianza 1984 na ulifanya kazi katika nchi zaidi ya 90. Kwa nchi nyingi ndio uliokuwa chanzo kikuu cha takwimu za vifo vya watoto, uzazi wa mpango na lishe. Tafiti zilizokuwa uwanjani zilikatwa katikati. Siwalaumu watakwimu wa nchi hizo hata kidogo. Walifanya kazi kwa fedha zilizokuwepo. Lakini nchi 10 zilizochangia mfuko mmoja, wenye timu moja ya kuandaa sampuli, dodoso la msingi la pamoja na vifaa vinavyozunguka, zisingezimika zote kwa tangazo la siku moja kutoka mji mkuu wa nchi nyingine. AFRISTAT walionyesha 1996 kwamba mfuko wa namna hiyo unaweza kuandikwa kwenye mkataba na ukalipwa.

Ningeanza na hatua ndogo kuliko zote. Kila robo mwaka, kila jozi ya nchi zinazopakana itoe jedwali moja la biashara kati yao lenye safu tatu: anachosema muuzaji, anachosema mnunuzi, na maelezo ya tofauti yaliyoandikwa kwa pamoja na kusainiwa na watakwimu wa pande zote mbili. Liwekwe mahali ambapo mwandishi wa habari, mfanyabiashara na mbunge wanaweza kulisoma, kwa tarehe inayojulikana tangu mwanzo wa mwaka. Pale ambapo maelezo hayajapatikana, safu ya tatu iachwe wazi na ichapishwe hivyo hivyo.